Kabla ya kipimo, mpelekee unga

Juzi msomaji wa Likoni ameniuliza: kikundi chao cha vijana kinaandaa mpango wa dharura wa mtaa, maradhi kama korona yakizuka tena, wafikishe vipi chakula na vipimo majumbani? Mwanangu, nitakwambia yaliyonipata.

Serikali ilipoufunga Mji wa Kale, Mombasa, tarehe 6 Mei 2020, tulikuwa katikati ya Ramadhani. Hakuna kuingia wala kutoka. Nilikuwa na daftari, vijana sita na mkokoteni mmoja. Orodha ya watu wa kupelekewa chakula na dawa niliipanga kwa alfabeti ya majina, nikajiona hodari. Siku ya kwanza mkokoteni ulikwenda Kibokoni, ukaenda Kuze, ukarudi Kibokoni tena, kwenye vichochoro ambavyo hata tuktuk haipiti. Kafyu ilikuwa saa moja usiku. Adhana ya magharibi ilitukuta na vifurushi kumi na kimoja bado, na kimojawapo kilikuwa na insulini, dawa ya kisukari, ya bibi mmoja anayeishi ghorofani peke yake. Aliipata asubuhi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Usiku ule niliichana orodha. Nikapanga kwa vichochoro, kila kichochoro na kijana aliyezaliwa hapo, maana kwetu nyumba hujulikana kwa wenyewe, si kwa namba. Dawa zikatoka asubuhi, vyakula baada ya alasiri.

Vipimo vilinifunza zaidi. Wahudumu wa afya walikuja, watu wakafunga milango, na wakubwa wakauita ujinga. Haukuwa ujinga! Mama mmoja aliniambia dirishani: "Nikipelekwa karantini, hawa wanangu watafuturu nini?" Tukageuza utaratibu: kwanza chakula cha siku 14 na jirani wa kuwapikia watoto, ndipo tunamuuliza mtu kama yuko tayari kuchukuliwa sampuli ya pua. Milango ikaanza kufunguka. Baadaye kamati ilijichukulia sifa zote, vijana wangu hawakutajwa hata kwa neno. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Kwa hiyo pangeni kwa njia, si kwa majina. Narudia, kwa njia. Na msimlaumu anayekataa kipimo kabla hamjajua jikoni kwake kuna nini. Daftari lianze leo, kabla ya maradhi: kichochoro gani, nani anaishi peke yake, nani anatumia dawa ya kuwekwa kwenye friji, na jirani gani ana ufunguo wake.