Maswali yenu: hivi wakubwa wanakaaje bila kupigana?

Naona huku Kigoma vijiwe vya kahawa vimechangamka, maswali karibu yote ni ya Marekani, Urusi na China. Haya twende.

Shikamoo mzee. Mkomunisti na bepari watakaaje kwa amani wakati kila mmoja anasema mfumo wa mwenzie lazima ufe? (Kijana, Kasulu)

Marahaba. Wanakaa, ila usidhani walipendana, wale ni wake wenza, wanajua nyumba ikiungua wote wanalala nje. Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti (Urusi ya enzi zile), mwaka 1956 kwenye mkutano mkuu wa 20 wa chama chake alisema vita ya kambi mbili siyo lazima, tushindane kwa uchumi tuone mfumo wa nani utashinda. Itikadi hakuiacha hata kidogo. Mao, kiongozi wa China, akaona huo ni usaliti, na mwaka 1969 wakomunisti kwa wakomunisti wakapigana risasi mpakani, mto Ussuri. Kwa hiyo ukiambiwa ugomvi wote ni wa itikadi, guna.

Cuba 1962 nani alirudi nyuma? (Dada, Tabora mjini)

Wote, ila mmoja alirudi kimyakimya. Msovieti aliyaondoa makombora ya nyuklia aliyoyaweka Cuba dunia nzima inaangalia, Kennedy, rais wa Marekani, akaahidi kwa siri kuondoa yake Uturuki na 1963 yakatoka. Kilichowatisha zaidi nadhani ni ujumbe kuchelewa masaa kadhaa wakati dunia iko ukingoni, ndo maana 1963 wakaweka laini ya moja kwa moja Moscow na Washington, tena haikuwa simu ya kuongea kama watu wanavyodhani, ilikuwa mashine za kuchapa maandishi. Mwaka huohuo wakakubaliana kuacha kulipua mabomu ya majaribio angani na baharini.

Babu anasema Che Guevara alipita hapahapa Kigoma. Kweli au stori? (Ujiji)

Kweli kabisa, msikilize babu. Aprili 1965 huyo mwanamapinduzi wa Cuba, mwenzake Castro aliyetawala kule, alitokea Dar kwa barabara mpaka Kigoma, akavuka ziwa kwa boti usiku kuingia Kongo kuwasaidia waasi, Novemba akarudi kwa njia hiyohiyo, mambo yameharibika. Sasa utamu uko hapa: upande wa pili CIA, majasusi wa Marekani, walileta boti na ndege na kuajiri Wacuba waliomkimbia Castro, yaani Mcuba anamwinda Mcuba kwenye ziwa letu sisi tunalovulia dagaa! Na hiyo ni miaka miwili tu baada ya ile laini ya Moscow. Kule juu wanaandikiana kwa adabu, huku Fizi na Baraka watu wanakufa. Amani yao ilikuwa ya kwao wawili, sisi hatukuwemo kwenye mkataba, na hilo wasomi wanaoisifia hawalitaji sana.

Sasa sisi tuwe upande gani? (Uvinza)

Upande wetu. Miaka ile ya 70 Mchina alikuwa analaza reli ya TAZARA, ya Dar mpaka Zambia, kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba, na Mmarekani anatoa hela ya lami ya barabara kuu ya kwenda Zambia, wapinzani wote wawili wako njia moja na hakuna aliyefukuzwa. Ila ina bei yake bwana. Mwaka 1965 tulipokubali Ujerumani Mashariki ya wakomunisti wawe na konseli (ubalozi mdogo) Dar, Ujerumani Magharibi wakakata msaada wa kijeshi, Nyerere akawaambia basi chukueni na uliobaki.