Nimwambie binti yangu arudi?

SWALI: Salaam dada. Binti yangu anasoma chuo Kampala. Tangu Ebola itangazwe huko Januari 30, 2025, silali. Baba yake anataka apande basi kesho. Nimwambie arudi?
Mama wa Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Nilikuwa mwanafunzi Wuhan mji ulipofungwa Januari 23, 2020. Siku 76! Mama yangu alikuwa akipiga simu saa kumi na mbili asubuhi ya Morogoro, kwangu saa tano, na swali ni lilelile: umekula nini? Wali na kabichi, mama. Upenyo wa mlango wa bweni nilikuwa nimeuziba kwa taulo, eti virusi visipite. Ujinga, lakini nililala. Aliyenitesa hasa ni shangazi, kila usiku ananitumia video za watu wanaoanguka barabarani.

Ebola lakini si korona. Mtu huipata kwa kugusa damu au majimaji ya mgonjwa, au maiti. Kwa hiyo kabla ya habari za basi, muulize: umeuguza mtu? Umegusa maiti msibani? Akisema ndiyo, asisafiri kabisa. Awapigie wahudumu wa afya wa huko, afuatiliwe siku 21. Akisema hapana, mimi ningemwacha asome, anawe mikono, afuate matangazo ya Wizara ya Afya ya Uganda. Namba ya ubalozi aiandike kwenye karatasi, maana simu huzima.

Baba naye mpe zamu ya kupiga simu jioni. Aulize habari za mitihani.