Ndugu yangu anataka kazi ya kuosha magari

Shikamoo Shangazi? Ndugu yangu mdogo ana miaka 24 na ana ulemavu wa akili. Tangu mama afariki, naishi naye Kayole, Nairobi. Nikienda kazini humfungia nyumbani. Sasa anataka kuosha magari pale stejini. Naogopa watamdhulumu. Mjomba naye anataka apelekwe mashambani. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nianze na hiyo kufuli. Moto ukizuka kwenye ploti nawe uko kazini, nani atamfungulia? Leo hii mpe ufunguo wake, na mwingine umwachie jirani unayemwamini.

Sasa soma tena barua yako. Umenieleza hofu yako na matakwa ya mjomba. Ya ndugu yako ni sentensi moja tu. Hebu muulize zaidi: kwa nini pale? Pengine ana marafiki, pengine anapenda tu maji na muziki wa matatu. Sababu yoyote inatosha. Wewe hukuulizwa kwa nini unapenda kazi yako.

Kudhulumiwa kupo, sikufichi. Nenda ukaonane na mwenye kazi. Mkubaliane malipo yawe ya siku hiyo hiyo, na kijana mmoja mpole awe wa kumwelekeza. Aanze siku ambazo hauendi kazini. Afundishwe kipande kwa kipande: kusuuza kwanza, akizoea aongezewe sabuni, kisha kupangusa. Njia nayo, tembeeni pamoja, baadaye umfuate kwa nyuma, mwishowe aende peke yake na simu mfukoni. Noti azitambue kwa rangi. Akilizwa mia moja, usimwachishe kazi. Nani hajalizwa Nairobi?

Hujasema kama ana kitambulisho. Kama hana, shughulikieni hilo mapema, asajili laini yake ya simu, asije akategemea ya mtu mwingine kupokea malipo yake. Pia apimwe katika hospitali ya serikali ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Na wanaomwita zuzu hapo stejini, wakatazwe. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha.

Kuhusu mashambani, mjomba amuulize mwenyewe. Akichagua Kayole, abaki Kayole. Desemba apande basi kama wengine, na Januari arudi kazini.