Mbweha au bweha? Na ana pango au shimo?

Swali: Nimeandika: "Wabweha masikio wanaishi nyikani. Masikio wake ni kubwa na anakaa kwenye pango." Mwenzangu anadai huyo ni bweha, si mbweha, tena kwamba sentensi zina makosa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwenye jina, kila mmoja ana hoja. Katika mazungumzo maneno hayo hubadilishana, na hata yule wa mgongo mweusi anayefuata mizoga huitwa lolote kati yake. Wanaoandika kuhusu wanyama hupenda kuyatenga: bweha ni yule mkubwa kiasi, mwenye umbo la mbwa, mbweha ni mdogo, pua nyembamba, mkia wa manyoya tele. Kwa mpango huo wako ni mbweha: ana kilo 3 hadi 5, masikio yanayofika sentimita 13, na meno 46 hadi 50, ilhali mbwa ana 42. Ukichagua jina moja, lishike hadi mwisho wa makala. "Mbweha masikio-popo", tafsiri ya neno kwa neno ya jina lake la Kiingereza, bat-eared fox, mimi siipendi. Msomaji atatafuta popo.

"Wabweha" ni kosa. M ya mbweha haiondoki ili ipishe wa-. Imeshikamana na b kama katika mbuzi na mbuni, na hakuna asemaye "wabuzi". Umoja na wingi ni mbweha. Kinachobadilika ni upatanisho: mbweha huyu, mbweha hawa.

"Masikio wake ni kubwa" hutokea kwa sababu akili iko kwa mnyama, nayo "mkia wake" na "uso wake" huzidi kutuzoesha neno "wake". Lakini kimilikishi na kivumishi hufuata kiungo chenyewe: masikio yake makubwa, miguu yake myeusi, ncha nyeusi ya mkia wake. Tena ulianza na wingi ukamalizia na umoja. Kama ni wengi, masikio ni yao.

Pango huenda umelitoa kwenye Biblia, "Mbweha wana pango". Pango hutupeleka kwenye mwamba. Huyu huchimba ardhini, au hupanua mashimo yaliyoachwa na wanyama wengine, kwa hiyo ni shimo. Na kwa mazoea ya mnyama, hu- inafaa kuliko -na-.

Nyika nayo ni pana mno. Chakula chake kikuu ni mchwa, hivyo hufuata nyasi fupi, Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika. Andika: "Mbweha masikio hukaa kwenye nyika za nyasi fupi zenye mchwa. Wana masikio makubwa, na hupumzika mashimoni."