Uliza Mzee wa Zimamoto: Nani Humkagua Mzima Moto?

SWALI: Shikamoo Mzee. Binti yangu ni muuguzi London. Juzi kwenye simu ameniambia kwamba huko kuna wakaguzi wa serikali wanaozunguka kukagua vikosi vya zimamoto na kuvipa madaraja, kama watoto wa shule. Anasema ofisi hiyo ilizaliwa baada ya lile ghorofa la Grenfell, la hukohuko London, kuungua. Mimi nikambishia, nikamwambia ni ya zamani. Nani mkweli? Na wakikuta kikosi kibovu wanakifanya nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Wewe umemshinda binti, ila usimcheke sana, maana kosa lake ni la wengi.

Uingereza ilipitisha sheria ya zimamoto mwaka 1938, na humo wakaguzi wakatajwa. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na kikosi chake na desturi zake, na kwa jumla vilizidi 1,600. Sasa fikiria vita imeanza, mabomu ya Wajerumani yanaunguza mji, na vikosi vya jirani vinakuja mbio kusaidia. Askari anaruka chini, anakunjua mpira, anaupeleka kwenye bomba la barabarani, na kiungio hakiingii. Cha huku ni cha kusokota, cha kule ni cha kubana, au vipimo tu havilingani. Mimi nimeshika mpira miaka mingi, na nakuhakikishia hakuna uchungu kama maji yapo, moto upo, na wewe umesimama katikati na chuma kisichoshikana. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyofanya Agosti 1941 vikosi vyote viunganishwe kuwa kimoja cha taifa, chini ya Aylmer Firebrace, mtu aliyetokea jeshi la wanamaji.

Vita ilipokwisha, serikali za mitaa zikadai vikosi vyao, zikarudishiwa Aprili 1948. (Sisi Tanzania tulikwenda kinyume: sheria ya 2007 ilivitoa vikosi kwenye halmashauri na kuviweka chini ya Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji.) Serikali kuu ya Uingereza haikutaka kurudi kwenye vurugu za viungio, kwa hiyo sheria ya 1947 ikaweka wakaguzi walioteuliwa kwa jina la Mfalme. Kazi yao ilikuwa kutembelea vituo na kuuliza: magari mangapi, askari wangapi, mnafika kwa dakika ngapi? Vipimo vilikuwepo. Kwenye maeneo ya hatari kubwa kabisa katikati ya miji, magari mawili yalitakiwa yafike ndani ya dakika 5, la tatu ndani ya dakika 8. Vijijini kwenye nyumba za mbalimbali, gari moja ndani ya dakika 20.

Ninavipenda vipimo vile kwa sababu havidanganyiki. Kwenye kituo changu cha kwanza, tukisikia mkaguzi anakuja tulikesha tunang'arisha shaba. Mkaguzi mjanja hakuitazama shaba, alisema tu, "Washeni pampu, nione maji."

Mwaka 2004 vipimo hivyo vya kitaifa vikafutwa, kila kikosi kikaambiwa kipange chenyewe kulingana na hatari za eneo lake. Kufikia 2007 idara ya wakaguzi England ikafungwa, nafasi yake ikashikwa na mshauri mkuu wa serikali. Mshauri si mkaguzi: mshauri hubisha hodi, mkaguzi huingia. Scotland wao waliendelea na wakaguzi wao.

Hapo ndipo binti alipochanganyikiwa. Mei 2016 Theresa May, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitangaza kwamba ukaguzi utarudi. Sheria yake ikakamilika Januari 2017. Grenfell iliungua tarehe 14 Juni 2017, wakafa watu 72. Julai mwaka huohuo, ofisi inayokagua polisi tangu 1856 ikaongezewa rasmi zimamoto, na jina lake likabadilishwa. Tarehe zimekaribiana mno, ndiyo maana watu huona moja imezaa nyingine.

Ripoti za kwanza zilitoka Desemba 2018. Wakati huo madaraja yalikuwa manne, kuanzia bora sana hadi hairidhishi. Katika mzunguko ule wa kwanza waligundua jambo lililoniuma: vikosi vingi vilikuwa vimepunguza watu wa kukagua usalama wa majengo.

Kuhusu ubovu: mkaguzi hamfukuzi kamanda wala hamlazimishi. Anaandika, anachapisha kila mtu asome, na kikosi kinapaswa kujibu kitafanya nini. Wengine huita hilo simba asiye na meno; mimi nasema kamanda akisomwa gazetini na watu wa mtaani kwake, atang'atwa na wao. Kikizidi kuzorota, kinawekwa chini ya uangalizi wa karibu. London yenyewe, kikosi kikubwa kuliko vyote England, iliwekwa huko Desemba 2022, baada ya uchunguzi huru kuonyesha ubaguzi na unyanyasaji ndani ya vituo vyake.

Mwambie binti ripoti ya kikosi cha eneo lake iko wazi mtandaoni, bure. Aanzie sehemu ya usalama wa majengo, hasa kama anaishi ghorofani.