Ukishuka Kwenye Pembea Lazima Upitie Dukani: Majibu ya Maswali Yenu

Haya jamani, tangu niandike habari za mabegi ya shule yenye katuni inboksi imejaa, na wengi wenu hata begi hamuulizi, mwauliza zile bustani kubwa za pembea za Marekani na Japani ambazo watoto wanaziona YouTube mchana kutwa. Nimechagua machache, mengi yalikuwa yanafanana. Na nikisema pembea leo nina maana ya kila kitu unachopandishwa ukazungushwa, iwe ya mbao iwe ya mamilioni ya dola, msije mkanisahihisha huko chini.

Mama wa wasichana wawili, Kisauni: "Shemeji yangu yuko Florida, ametutumia video, kila pembea wakishuka tu wako ndani ya duka. Ni bahati mbaya ama imepangwa?"

Imepangwa mamangu. Fikiria, mumesimama foleni saa nzima, pembea yenyewe dakika nne tano, mwashuka moyo bado unadunda na mtoto bado anaimba ule wimbo, na mlango wa kutokea ndo huo wa duka, midoli iko usawa wa macho ya mtoto si ya babake, na picha yenu mkipiga kelele iko kwenye skrini yauzwa. Kubisha hapo ni kazi.

Lakini hiyo ndo njia ya zamani. Siku hizi duka lenyewe limefanywa pembea. Universal, kampuni ya filamu yenye bustani zake za pembea, walipofungua sehemu ya Harry Potter, yule mtoto mchawi wa vitabuni, kule Orlando, Florida, Juni 2010, watu walikuwa wanapiga foleni kuingia duka la vijiti vya uchawi, Ollivanders, wakaona kijiti "kikimchagua" mtoto mmoja, kisha wote wakaenda kununua. Mwaka 2014 wakaleta vijiti ambavyo ukivipunga mbele ya madirisha fulani vitu vinasogea, taa zinawaka, maji yanaruka. Sasa mtoto wako hana kijiti na wenzake wote wanacho, utamwambia nini? Hata kinywaji cha kwenye vile vitabu, Butterbeer, wanakiuza pale kwa vikombe vya kubaki navyo (hakina pombe, nimewahi kabla hamjauliza).

Nintendo, kampuni ya michezo ya video, nao huko Osaka, Japani, ndani ya bustani ya Universal, lilipofunguliwa eneo la Mario wao Machi 2021, kuliwekwa bangili ya kuhesabu sarafu za mchezo, yauzwa kando na tikiti. Bila bangili utapiga yale maboksi ya sarafu lakini sarafu haziingii popote. Yaani umelipa kuingia, halafu unalipa tena ndo mchezo ukuhesabu. Mie kwangu huo ni ujanja uliopita kiasi, lakini siwezi kusema haufanyi kazi.

Na kisa kimoja cha kuchekesha kabla sijatoka hapa. Kwenye eneo la filamu za Star Wars lililofunguliwa Disneyland mwaka 2019 hata soda ilitengenezewa chupa yake, Coca-Cola kwenye chupa ya duara kama mpira na maandishi ya sayari ya kubuni, watu wakawa wanazibeba nyumbani kama ukumbusho. Usalama wa viwanja vya ndege Marekani wakaziona zafanana na bomu la mkono, wakazipiga marufuku, halafu baada ya kelele wakalegeza.

Mjomba wa Changamwe: "Mpwa wangu alipelekwa Disney ya Florida, akarudi analia hakumuona Spider-Man. Si Marvel ni ya Disney hao hao?"

Marvel, wale wenye katuni za mashujaa kama Spider-Man, ni ya Disney, ndio, waliinunua mwaka 2009 kwa kama dola bilioni 4. Lakini kitambo kabla ya hapo, mwaka 1994, Marvel walikuwa washaandikiana mkataba na kampuni ya Universal, na 1999 Universal wakafungua kisiwa kizima cha mashujaa wa Marvel kule Orlando, Spider-Man yuko, Hulk yuko, na wako mpaka leo. Mkataba unawalinda kwa wahusika wanaowatumia na jamaa zao, upande wote wa mashariki wa mto Mississippi. Florida iko mashariki. Bas.

Watu wa Majengo hii mtaielewa haraka kuliko mawakili wa Marekani, si ndo zetu hizi za nyumba bila ardhi? Ardhi inauzwa, inabadilisha mwenyewe mara tatu, na mwenye nyumba yuko pale pale na karantasi yake, analipa kodi yake, humtoi. Disney ndo mwenye ardhi sasa, Universal ndo mwenye nyumba, na kila mwaka pesa ya leseni inatoka kwa Universal inaenda kwa mpinzani wake.

Ndo maana ukienda California, magharibi ya ule mto, Disney wana eneo la Avengers, kundi la mashujaa wa Marvel, tangu Juni 2021 na Spider-Man ana pembea yake humo. Florida wakajibanabana, wakatafuta nani hakutumiwa na Universal, wakapata Guardians of the Galaxy, kundi jengine la Marvel, wakawajengea pembea Epcot, bustani yao nyingine huko huko Florida, mwaka 2022. Kwa hivo mjomba, usidhani aliyechora ramani ya bustani ni fundi wa michezo peke yake, nusu ya ramani imechorwa na mawakili. Mwambie mpwa wako safari ijayo avuke barabara tu, Spider-Man yuko kwa jirani.

Kijana wa Tudor: "Kipi chatangulia, filamu au pembea? Kuna ubishi kwenye baraza yetu."

Baraza yenu yote iko sawa, inategemea. Pirates of the Caribbean ni pembea ya 1967, Walt Disney mwenyewe alikufa Desemba 1966 kabla haijafunguliwa, na filamu ikaja 2003, miaka 36 baadaye. Halafu filamu ilivoshika ikageuka ikamla mamake, 2006 wakaingiza sanamu ya Jack Sparrow, haramia wa ile filamu, ndani ya pembea ile ile. Jungle Cruise vile vile, boti ilikuwepo tangu Disneyland ifunguliwe Julai 1955, filamu ni ya 2021.

Ila siku hizi ni nadra sana kujengwa kitu kikubwa bila jina linalojulikana. Pembea ya mamilioni ya dola yenye jina geni ni kamari, na bodi ya wakurugenzi haipendi kamari. Mfano wangu ninaoupenda, ama nisioupenda sijui, ni Norway pale Epcot. Kulikuwa na boti ya kuelezea nchi ya Norway yenyewe, mabaharia wake, mazimwi ya hadithi zao. Filamu ya katuni ya Frozen ikatoka 2013, ikavuma dunia nzima, Oktoba 2014 boti ikafungwa, 2016 ikafunguliwa tena ikiwa ya Elsa, malkia wa ile filamu. Njia ya maji ile ile. Watoto wanafurahi, foleni haiishi, lakini Norway imebaki kama pazia tu huko nyuma.

Na pia kuna ambao hawana filamu wala pembea, wana duka tu. Tokyo DisneySea walimkuza dubu mmoja, Duffy, kuanzia 2005, akaongezewa marafiki mmoja mmoja, na Septemba 2021 Shanghai ikatoa mbweha wa waridi anaitwa LinaBell. Hana filamu. Ni mdoli tu na mtu aliyevaa vazi lake anayepungia wageni mkono, na watu walipanga foleni usiku wa manane kumnunua. Kwa hivo kwenye baraza yenu ongezeni na upande wa tatu.

Mzee wa Old Town: "Nimeskia kuna Lamu ya bandia Marekani, ni kweli au ni porojo za mtandaoni?"

Ni kweli mzee wangu, shikamoo. Disney's Animal Kingdom, Florida, ilifunguliwa Aprili 22, 1998, na ndani yake kuna kijiji kinaitwa Harambe, cha kubuni, lakini wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde walikuja Afrika Mashariki kutazama, na mfano mkubwa waliouchukua ni Lamu. Kuta zilizobambuka chokaa, milango, mabango ya Kiswahili yaliyopigwa na jua, na kutoka pale unapanda lori kwenda safari iliyopewa jina la Kilimanjaro ukaone wanyama wa kweli. Lamu yenyewe iliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, kwa hivo yule wa bandia alianza kupokea wageni kabla ya cheti cha mwenyewe.

Sasa mie naisifu ile kazi, nasema kweli. Wangeweza kuweka vibanda vya makuti na ngoma wakamaliza, badala yake waliona mji wa mawe una watu na biashara zake. Na mwanzo hakukuwa na filamu iliyobeba kijiji, mahali penyewe ndo palikuwa kivutio. Lakini angalia ilivoenda. 2014 onyesho la Lion King lilihamishiwa Harambe kwa sababu lilipokuwa pakahitajika kujengwa ulimwengu wa filamu ya Avatar, uliofunguliwa 2017. Na kwenye hoteli ya Harambe, Tusker House, anayezunguka mezani kuwasalimia wageni ni Donald Duck kavaa nguo za safari. Bata! Lamu ina punda wangapi na bado wakaleta bata.

Wengi mumeuliza pia habari ya Disney na "hakuna matata". Waliomba usajili wa alama ya biashara 1994, mwaka ilipotoka filamu yao ya Lion King yenye wimbo huo, wakapewa 2003, kwa ajili ya nguo, kule Marekani. Mwisho wa 2018 watu wakaikumbuka, pakazuka kelele na sahihi zikakusanywa mtandaoni. Haimzuii mtu kuyatamka wala kuyaimba, na yule kijana anayeuza tishati Nyali ufuoni hashtakiwi kwa hiyo. Ila mtu wa hapa akitaka kuzipeleka tishati hizo soko la Marekani kwa wingi ndo atajua hajui. Mie naona wangeliacha tu, walishauza vya kutosha.

Mwenye pembea, hakutaka mtaa wake utajwe: "Nina pembea nazileta Makadara kila Idd, na majumba ya upepo ya kurukia. Nimechora Spider-Man na Elsa kwa mkono. Naweza kushtakiwa?"

Kaka, kisheria ndio, unatumia kazi ya mtu kuvutia wateja bila ruhusa, na Kenya tuna sheria ya hakimiliki ya 2001 na ile ya bidhaa ghushi ya 2008, wala usiseme hukuambiwa. Mwenye mali kuja Makadara kutazama Elsa aliyetoka macho upande mmoja, hilo ni jambo jengine. Wanaobanwa zaidi ni waingizaji wa makontena ya bidhaa ghushi.

Lakini wacha sheria, mie nakuuliza biashara. Mwenzako wa pembea ya pili naye ana Spider-Man, wa tatu pia, mtoto atakukumbukaje? Mombasa hii ilitoa kisa kilichozunguka dunia: Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park hapo Bamburi akajishikiza kwa kobe mkongwe, Mzee. Picha zikaenda kila mahali, vitabu vya watoto vikauzwa Marekani. Vile vitabu navyo vina wenyewe, usikopi, lakini kiboko na kobe hawana hakimiliki, wala papa, wala mzimwi wa bibi yako. Mchoraji wako ana mkono mzuri, mpe mhusika wenu, mpeni jina, mumrudishe kila Idd, na mkitaka mumsajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Mwaka wa tatu mtoto atakuwa anamuitisha kwa jina, na hapo ndo utauza fulana.

Dada wa Likoni: "Mume wangu yuko Abu Dhabi, tunataka kwenda kumtembelea na watoto. Disney ishafunguliwa huko?"

Bado dada. Mei 2025 ndo walitangaza tu, itakuwa Yas Island, na wanaotoa pesa za kujenga na kuendesha ni kampuni ya huko, Miral. Disney watabuni, wakopeshe majina, wapokee mrabaha. Si jambo geni, Tokyo Disneyland tangu 1983 ni mali ya Oriental Land, kampuni ya Kijapani, si ya Disney.

Lakini hapo hapo Yas kuna Ferrari World tangu 2010, ile treni yake Formula Rossa inafika kilomita 240 kwa saa (mie sipandi), na Warner Bros. World tangu 2018 ambayo yote iko ndani ya jengo lenye AC, na kwa joto la kule mtashukuru. Kabla hujanunua tikiti waulize watoto wanampenda nani. Wakisema Batman au Tom na Jerry, nendeni Warner. Wakisema Elsa, subirini.