Kufundisha ramani Kidato cha Kwanza bila tufe la dunia wala atlasi za kutosha

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanzie wapi kufundisha usomaji wa ramani katika darasa la wanafunzi zaidi ya sabini, kwenye shule isiyo na tufe la dunia na yenye atlasi mbili tu ofisini. Umeeleza pia kwamba wanafunzi wako wamekariri sehemu zote za ramani, yaani jina, dira, skeli, ufunguo na fremu, lakini ukiwapa ramani yenyewe hawajui waigeuzie upande gani. Nimefundisha Jiografia Kigoma na baadaye Tanga, mara nyingi katika mazingira yanayofanana na yako, na ushauri wangu mkuu ni kwamba mwanafunzi achore eneo analolikanyaga kabla hajasoma ramani ya eneo lililochorwa na mtu mwingine. Maana ya ramani, aina zake na matumizi yake, mambo ambayo kwa kawaida hujaza ubao katika kipindi cha kwanza, mimi huyaacha hadi mwisho, kwa sababu yakitangulia yanakuwa majibu ya maswali ambayo hakuna mwanafunzi aliyeyauliza.

Anza na mwelekeo, nje ya darasa. Karibu kila mwanafunzi hufika sekondari akijua kwamba jua huchomoza mashariki, na wengi wamefundishwa kusimama wakilitazama jua la asubuhi na kunyoosha mikono ili wapate kaskazini na kusini. Njia hiyo huwa sahihi kabisa katika siku chache tu, zile za kuzunguka tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Kufikia tarehe 21 Juni hapa kwetu jua huchomoza takriban nyuzi 23 upande wa kaskazini wa mashariki halisi, na mwishoni mwa Desemba huchomoza nyuzi hizo hizo upande wa kusini. Mwanafunzi anayetegemea mikono yake atachora dira iliyopinda na hatajua kwa nini ramani yake haikubaliani na ya jirani yake aliyepima katika mwezi mwingine.

Kwa hiyo tumia fimbo. Chomekeni ardhini fimbo iliyonyooka inayobaki juu kwa mita 1, na muihakikishe kwa timazi, yaani uzi wenye jiwe, kwamba imesimama wima. Ikifika saa nne asubuhi wekeni alama kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba iliyofungwa kwenye shina la fimbo chora duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitafupika na kuingia ndani ya duara, halafu alasiri kitarefuka tena, na ncha yake itakapoligusa duara mara ya pili, ambapo kwa Tanga ni kati ya saa nane na robo na saa tisa na robo kutegemea mwezi, wekeni alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili huelekea mashariki na magharibi, na mstari unaoukata kwa pembe mraba ndio wa kaskazini na kusini. Njia hii haijali ni mwezi gani wala haihitaji dira ya sumaku. Wagawe wanafunzi katika makundi ya watu saba au wanane, kila kundi na fimbo yake, na mistari ya makundi yote ikielekea upande mmoja hutahitaji kuwathibitishia kitu.

Usizing'oe fimbo hizo zote. Muhula wa kwanza ukianza mwezi Januari, kivuli cha adhuhuri cha fimbo ya mita 1 katika latitudo ya Tanga, ambayo ni karibu 5° Kusini, huwa na urefu wa kati ya sentimita 25 na 30, na huelekea kaskazini kwa sababu jua liko upande wetu wa kusini. Katika wiki ya kwanza ya Machi kivuli hicho karibu kitoweke. Mkirudi kutoka likizo mwezi Julai mtakikuta kimehamia kusini na kina zaidi ya sentimita 50. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya husema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini siku zote, jambo ambalo ni kweli kwao, lakini sisi tulio kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni tunaona jua likivuka utosi wetu mara mbili kwa mwaka. Mwanafunzi aliyeona kivuli kikihama ana kitu cha kushika utakapomweleza kuinama kwa mhimili wa dunia.

Ukiwa mwambao una msaada mwingine ambao sijauona ukitajwa katika vitabu vya somo hili. Makka ipo karibu na longitudo 39°50′ Mashariki, na Tanga ipo karibu na 39°06′, hivyo kibla ya hapa ni kaskazini, kwa tofauti ya takriban nyuzi 1 au 2 tu. Ndivyo ilivyo pia kwa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Wanafunzi wengi, Waislamu na wasio Waislamu, wanajua msikiti wa mtaa wao umeelekea wapi, na kwa swali moja tu kila mmoja anaweza kupata kaskazini ya nyumbani kwao. Nilipokuwa Kigoma mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa kule kibla huegemea mashariki kwa takriban nyuzi 20 kutoka kaskazini, na tofauti hiyo inafaa sana kuwaeleza wanafunzi jinsi mwelekeo unavyopimwa kwa nyuzi kuanzia kaskazini kwa kufuata saa.

Baada ya mwelekeo ingia kwenye skeli, tena kwa miguu. Azima futi kamba ya mwalimu wa michezo, pima mita 50 uwanjani, na kila mwanafunzi atembee mwendo wake wa kawaida akihesabu hatua, ili ajue hatua yake moja ni sawa na sentimita ngapi. Kazi ya kwanza ni kuchora darasa lenu kwa skeli ya 1:100, ambapo kila mita 1 inakuwa sentimita 1, na chumba cha mita 9 kwa mita 7 kinatosha vizuri kwenye ukurasa wa daftari. Jihadhari na jambo moja: wengi watachora madawati yakiwa na miguu na milango ikiwa imesimama, kama mtu anavyoyaona akiwa amesimama mlangoni. Kabla ya kuchora darasa, waambie waweke kisanduku cha chaki juu ya karatasi, wakizungushie penseli, kisha wakiondoe. Umbo linalobaki ndilo jinsi kitu kinavyoonekana kutoka juu moja kwa moja, na hakuna maelezo ya mdomo yanayofanya kazi hiyo haraka zaidi.

Kazi ya pili ni kuchora eneo lote la shule kwa skeli ya 1:1,000, na ni kazi ya kuipa muda mrefu kuliko zote. Darasa lililokuwa na urefu wa sentimita 9 sasa lina urefu wa milimita 9. Madawati hayaingii, madirisha hayaingii, na shina la mwembe likichorwa kwa kipimo chake halisi linakuwa nukta. Hapo wanafunzi wenyewe huanza kuuliza wafanye nini, na mabishano yao ndiyo somo: nini kiachwe, nini kibaki, na kinachobaki kiwakilishwe kwa alama gani. Kundi moja litaweka duara kwa kisima na jingine litaweka duara kwa mti. Wakibadilishana ramani hawataelewana mpaka kila kundi liandike pembeni maana ya alama zake, na ufunguo utakuwa umezaliwa bila wewe kuutaja. Papo hapo ndipo pia panapomalizwa ule utata unaowasumbua wanafunzi hadi Kidato cha Nne, wanapodhani kwamba 1:1,000 ni skeli kubwa kuliko 1:100 kwa sababu namba ni kubwa. Waweke michoro miwili kando kwa kando, waulize darasa lao limeonekana kubwa zaidi katika mchoro upi.

Sasa ndipo ulete ramani halisi. Ramani za topografia za 1:50,000 hutolewa na idara ya upimaji na ramani chini ya wizara ya ardhi, na ukipata karatasi moja ya eneo la shule yako umepata hazina. Ukikosa, vipande vya ramani vinavyoambatana na mitihani ya taifa iliyopita vinafaa, ila karibu vyote vitakufikia vikiwa nakala za rangi nyeusi na nyeupe. Katika nakala hizo mto, barabara na kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja) vyote ni mistari myeusi, na mwanafunzi aliyeshindwa huenda ameshindwa na mashine ya nakala na si Jiografia. Kazi ya kwanza iwe kupitisha kalamu ya bluu juu ya kila mto na nyekundu juu ya kila barabara, kwa kufuata majina na ufunguo. Kisha wapime upande wa mraba mmoja wa gridi. Katika 1:50,000 kilomita 1 ni sentimita 2, kwa hiyo mraba wa kilomita 1 ukitoka na sentimita 1.8 wajue kwamba nakala imepunguzwa, na ile 1:50,000 iliyochapwa chini haisemi kweli tena, wakati skeli ya mstari, yaani ule mstari uliogawanywa kwa kilomita, bado ni sahihi kwa sababu imepungua pamoja na ramani. Umbali wa barabara yenye kona upimwe kwa uzi wa cherehani, kisha uzi huo unyooshwe juu ya skeli ya mstari.

Kontua ndizo huwatisha wengi, na hapa sikushauri kabisa kuanza na ubao. Finyanga mlima wa udongo ndani ya beseni, upande mmoja uwe mkali na mwingine mtelemko wa taratibu, na uweke korongo moja. Mimina maji hadi kimo cha sentimita 2, mwanafunzi achore kwa kijiti mstari pale maji yanapogusa udongo, ongeza hadi sentimita 4, na kuendelea hivyo mpaka karibu na kilele. Ukiyamwaga maji na kuwaalika watazame kutoka juu, wataona mistari imekaribiana upande mkali na kuachana upande wa taratibu, na kwenye korongo wataona mistari ikifanya umbo la V ambalo ncha yake inaelekea juu ya mlima. Kisha warudi kwenye karatasi, ambayo mara nyingi huwa na kontua za kila mita 20. Kwa wanafunzi wa mkoa wa Tanga mimi hutumia safari ya Mombo hadi Lushoto: Mombo ipo kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na Lushoto kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo msafiri hukata angalau kontua 50. Aliyewahi kupanda gari kwenye njia ile anaelewa mara moja kwa nini barabara imejikunja vile badala ya kukata mistari kwa mkato. Wewe tafuta mlima ambao wanafunzi wako wameupanda.

Latitudo na longitudo nazifundisha kando na haya yote, kwa kutumia saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi 1 kwa dakika 4. Kigoma ipo karibu na 29°38′ Mashariki, kwa hiyo kati yake na Tanga kuna tofauti ya 9°28′, ambayo ni sawa na takriban dakika 38. Ndiyo maana watoto wa Kigoma hucheza mpira nje wakati Tanga taa zimeshawashwa, ingawa saa za ukutani zinafanana. Saa yetu ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45° Mashariki, ambayo haipiti Tanzania kabisa bali hupita karibu na Mogadishu, hivyo kwa wastani adhuhuri ya jua hufika Tanga kwenye saa sita na dakika 24, na Kigoma saa saba imeshapita. Mwanafunzi mwenye ndugu katika mkoa wa mbali apige simu jioni aulize kama jua limezama, kisha akokotoe longitudo ya huko. Atakosea kidogo kwa sababu latitudo na msimu navyo vina athari, na kosa hilo linafaa kujadiliwa.

Kuhusu lugha, nafahamu kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Mimi hufanya kazi zote za uwanjani kwa Kiswahili, na istilahi za mtihani huziandika ubaoni baada ya kila mwanafunzi kuwa ameshakishika kitu chenyewe kinachotajwa.

Umeuliza pia utawapimaje. Usiwape swali la kutaja. Wape kipande cha ramani na uwaulize kama mtu aliyesimama kwenye shule fulani anaweza kuiona zahanati iliyopo ng'ambo ya kilima, mto unaelekea upande gani, au bomba la maji lipitishwe wapi kutoka kwenye chemchemi ili maji yashuke yenyewe hadi kijijini. Alama nyingi zaidi ziende kwenye sababu wanazozitoa kutokana na kontua na skeli, na sehemu ya mwisho ya mtihani ifanyike nje, ambapo kila kundi linapewa ramani iliyochorwa na kundi jingine na kutakiwa kukitafuta kitu ulichokificha mahali palipotiwa alama.